Kopi zimefifia, wanafunzi hawajui Okonkwo alikufaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Oktoba mwaka jana. Mimi si mwalimu. Nina duka la steshenari hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na huu ni mwaka wa 17. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, nauza kaunta buku, rula na bahasha. Ninachokiandika hapa nimekiona kikipita kwenye mashine yangu mwenyewe, karatasi baada ya karatasi.

Kuanzia Agosti, wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma fasihi kwa Kiingereza huanza kuja kwa makundi. Hawaji na vitabu. Wanakuja na "uchambuzi": karatasi nane au kumi zilizopigwa pini, ndani yake muhtasari wa riwaya, tamthilia au diwani, kisha fani na maudhui vimepangwa kwa namba. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa. Wanachangishana, mmoja ananiachia karatasi mama, nami natoa kopi 20 au 30. Ukurasa Sh100. Fedha hiyo ndiyo inayonilipia pango la fremu mpaka Desemba. Naomba msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu ninayoyasema yanagusa mfuko wangu pia.

Jioni moja ya Oktoba, nikiwa najiandaa kufunga, alikuja kijana na wenzake wanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Mama, samahani, unayo ile orijino ya Things Fall Apart? Ya kwetu mwisho hauonekani. Tunabishana, Okonkwo alifungwa au alikufa?"

Nikaichukua karatasi yake, nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Chini ya ukurasa wa nane wino ulikuwa umefifia kabisa, mistari minne imebaki kama vumbi. Nikafungua faili ninamohifadhi karatasi mama. Ya kwangu nayo ilikuwa vilevile. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui ni kwa muda gani, na sijui ni kwa watoto wangapi, nimekuwa nikitoa riwaya hiyo ya Chinua Achebe wa Nigeria bila kifo cha Okonkwo, mhusika wake mkuu. Na wale vijana watano walikuwa na uwezo wa kunitajia falsafa ya mwandishi kwa nukta tano, wamezikariri vizuri sana, huku mtu mwenyewe wanayemzungumzia hawajui aliishia wapi.

Kitabu ninacho. Nilikinunua zamani na nimehama nacho nyumba tatu. Nikawaambia wakae kwenye benchi, nikawasomea mwisho wa sura ya 24 na sura ya 25 yote, ambayo ni fupi. Nilisoma kwa Kiingereza kama kilivyoandikwa, polepole, na kila baada ya ukurasa tukazungumza kwa Kiswahili. Tukafika pale wajumbe wa serikali ya wakoloni wanapokuja kuvunja mkutano, Okonkwo anamkata mjumbe kwa panga, na watu wa Umuofia, kwao Okonkwo, wanawaacha wajumbe wengine watoroke. Anasikia sauti zinauliza kwa nini amefanya vile. Anafuta panga lake mchangani na kuondoka. Mkuu wa wilaya anapokuja na askari kumkamata, rafiki yake Obierika anawapeleka nyuma ya boma, kwenye mti ambako Okonkwo amejinyonga. Na ndugu zake hawawezi hata kumshusha, kwa kuwa kwa mila zao mtu aliyejiua ni chukizo kwa ardhi. Lazima wageni wamshushe na kumzika.

Hakuna aliyesema neno. Kisha yule kijana akauliza, "Kwa hiyo mama, alikuwa shujaa au siyo?"

Mhariri, mimi ni Mhehe. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Kalenga, Iringa, na huko nimekulia mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Kila mtoto wa kule anajua kwamba chifu wetu Mkwawa, baada ya kuwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 na kuwakwepa kwa miaka porini, alijipiga risasi pale Mlambalasi mwaka 1898 ili wasimkamate. Bibi hakuwahi kusema kwamba Mkwawa alijiua. Alisema "alikataa kushikwa". Maneno yalikuwa hayohayo kila mara, na ukikosea alikurekebisha.

Nikawaeleza vijana hayo. Nikawaambia: angalieni, tendo ni lilelile. Mtu anaona nchi yake inachukuliwa, anaona hawezi tena, anaamua mikono ya mgeni isimguse akiwa hai. Uheheni wakalifanya jina lake kuwa la fahari. Umuofia wakashindwa kumgusa maiti yake. Je, tofauti iko kwa mtu au kwa waliobaki? Wakaanza kubishana. Msichana mmoja akasema Okonkwo aliachwa peke yake na watu wake kabla hajafa, na Mkwawa hakuachwa peke yake. Mwingine akasema hapana, Mkwawa naye mwishoni alibaki karibu peke yake. Yule kijana akakumbuka kwamba Okonkwo maisha yake yote aliogopa kufanana na baba yake, Unoka, ambaye alikufa kifo cha aibu na hakupata kaburi, na sasa yeye ndiye aliyeipata aibu ileile. Hilo halikuwamo kwenye karatasi zao. Alilitoa kwenye muhtasari wa mwanzo na kuliunganisha mwenyewe na mwisho, dakika kumi tu baada ya kuusikia.

Clement Ndulute alipokifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili mwaka 1973, alikiita Shujaa Okonkwo. Nikawaambia kwamba mfasiri naye amejibu swali lao ndani ya jina, nao wana haki ya kumkubali au kumkatalia.

Kuna kitu kingine ambacho uchambuzi umekipunguza mpaka kimekuwa mstari mmoja. Mkuu wa wilaya, akiondoka pale mtini, anafikiria kitabu anachokiandika kuhusu namna ya kuwatuliza wenyeji wa eneo la chini la Mto Niger. Anaona habari za mtu huyu zitafaa kujaza sura nzima. Halafu anajirekebisha: sura nzima hapana, labda aya moja ya kutosha. Watoto wa huku kwetu wana namna ya kuliona jambo hilo ambayo mtoto wa London hana. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza fuvu la Mkwawa. Vita vyote vile vya Wahehe, katika mkataba wenye vifungu zaidi ya 400, vikawa sehemu ya kifungu kimoja. Na fuvu lenyewe lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 35 baadaye. Nilipokuwa darasa la tano tulipelekwa kwenye makumbusho, tukaliona ndani ya kioo. Niliposoma ukurasa wa mwisho wa Achebe nikiwa kidato cha tano, nililikumbuka lile fuvu na nikalia darasani. Mwalimu aliniacha nilie.

Na jina la riwaya Achebe alilitoa kwenye shairi la William Butler Yeats wa Ayalandi, lililoandikwa mwaka huohuo wa 1919. Mistari minne ya shairi imechapwa mwanzoni mwa kitabu, kabla ya sura ya kwanza. Humo kuna kozi, ndege wa mawindo, anayezunguka angani, duara linapanuka na kupanuka, mpaka hasikii tena sauti ya mwenye kumfuga. Uchambuzi unaandika tu kwamba jina limetoka kwa Yeats. Mtoto wa Mbeya ameshaona mwewe akizunguka juu ya soko akitafuta utumbo wa kuku. Mwoneshe yule, umwambie huyu angekuwa wa kufugwa, anaitwa na haji, halafu msomee ile mistari minne. Atakuambia mwenyewe kitabu kinahusu nini.

Baada ya jioni ile wakaniomba tuendelee. Nikakubali Jumamosi alasiri, wateja wanapopungua. Tulifanya Jumamosi tano kabla ya mtihani wao wa Novemba, pale barazani, na tamthilia ndizo zilizojaza watu. Tulichukua The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, iliyoigizwa Ibadan mwaka 1959. Nilikuwa na nakala moja, wakawa wanapokezana. Inaanza na Sidi, msichana wa kijiji, akipita na ndoo ya maji kichwani, na mwalimu Lakunle anatoka mbio darasani kumwambia asibebe mzigo kichwani, kwamba utambana shingo mpaka ibaki fupi.

Mvua ilikuwa inanyesha, na barazani walikuwapo akina mama wawili wanaouza ndizi kutoka Tukuyu, wamejikinga na masinia yao. Waliona wanafunzi wanacheka, wakauliza wanasoma nini. Tukawaeleza kwa Kiswahili. Mmoja akauliza, "Na huyo mwalimu, amejitwika hiyo ndoo yeye?" Wanafunzi wakafungua kurasa kutafuta jibu. Walisoma kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu anayekariri sifa za mhusika. Walipofika pale Sidi anapomwambia Lakunle kwamba anamchosha kwa maneno ambayo siku zote yanasikika vilevile na hayana maana, yule mama akapiga kofi.

Karatasi za uchambuzi zinaandika kwamba Lakunle anawakilisha usasa na Chifu Baroka anawakilisha ukale. Sisemi ni uongo. Lakini ukisikia tamthilia inasomwa, unasikia kwamba usasa wa Lakunle umetoka wote vitabuni, na ukale wa Baroka una akili nyingi na ubinafsi mwingi. Kuna sehemu inasimuliwa jinsi Baroka alivyomhonga mpimaji ili reli isipite kijijini kwake. Alikuwapo mzee mmoja aliyeleta vyeti vyake vya mafao kutoa kopi. Mzee huyo alikuwa kibarua wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pande za Makambako ilipokuwa inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975. Aliposikia hayo alikasirika kweli, kama vile Baroka yuko pale barazani. Akawaambia watoto jinsi vijiji vilivyokuwa vinasubiri reli, jinsi walivyolala porini na Wachina kwenye mvua. Msichana mmoja aliandika maneno yake pembeni mwa daftari. Sijui kama yalimsaidia kwenye mtihani, lakini najua kwamba hatamsahau Baroka.

Shairi refu la Okot p'Bitek, Song of Lawino la mwaka 1966, tulilipitia kwa haraka, Jumamosi moja tu. Nataja kitu kimoja. Lawino, mwanamke anayezungumza ndani yake, anarudia kusema kwamba boga la kwenye mahame, yaani makazi yaliyohamwa, haling'olewi. Uchambuzi unaandika: boga ni ishara ya mila. Basi, imeisha. Nikawauliza nani amewahi kuona mahame. Mikono mingi. Nani ameona boga limejiotea pale penyewe, hakuna aliyepanda, na watu wanachuma majani yake kwa mboga mwaka wa njaa? Kijana mmoja wa Njombe akasema kwao walikula majani hayo wakati baba yake anaumwa. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kueleza ishara.

Mwalimu mmoja alipita akatukuta. Ni mtu mwema, namheshimu, na duka langu linamfahamu. Akaniambia kwa upole, "Mama, unawapotezea muda. Ndege wa Yeats haulizwi. Nina wanafunzi wengi na nakala tatu za kitabu, kwa hiyo nawapa nukta wafaulu." Nilimwelewa. Mwalimu mwenye nakala tatu hana kosa la kutafuta njia. Lakini nilimjibu kwa yale niliyoyaona mimi. Sisi, mwaka 1990, kule nilikosoma Iringa, tulikuwa na nakala pungufu ya hizo. Nakala ilikuwa moja, ya mwalimu. Kwa sababu ilikuwa moja, alisimama mbele akatusomea kitabu chote kwa sauti, vipindi viwili kwa wiki, kuanzia Februari mpaka Juni, baridi ya Iringa ikiwa imetukunja kwenye masweta. Kila sentensi tuliisikia. Uhaba uleule ndio uliotupa kitabu kizima, kwa kuwa wakati huo hakukuwa na mashine ya kopi kila kona ya kutupa njia ya mkato. Mashine ni yangu mimi, kwa hiyo nalisema hili kwa uzito.

Na mwalimu yule alikuwa na jambo jingine. Akishasoma kwa Kiingereza, alitueleza kwa Kiswahili. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa shuleni ilikuwa marufuku. Hata leo wanafunzi wangu wa barazani waliniuliza kwanza kama wanaruhusiwa kubishana kuhusu Okonkwo kwa Kiswahili, kwa sababu shuleni wakikutwa wanaongea Kiswahili wanapigwa faini. Mwalimu Nyerere alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969, akiwa Rais wa nchi. Hakuona aibu kuipitisha kazi ya Kiingereza kwenye Kiswahili ili aipime uzito wake. Mtoto anayeeleza kwa Kiswahili kwa nini Obierika alimkasirikia mkuu wa wilaya ameelewa Kiingereza alichosomewa. Akishaelewa, kuandika jibu kwa Kiingereza kunakuwa kazi ya maneno tu, na maneno anayo ndani ya kitabu. Akiwa hajaelewa, atakariri nukta za mtu asiyemjua.

Ninachoomba si kikubwa. Walimu wa fasihi huku Nyanda za Juu Kusini watenge kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma tu, kwa sauti, kitabu chenyewe, hata kama nakala ni moja. Wanapotunga mitihani ya muhula, waweke kipande cha kitabu, nusu ukurasa, na wamwulize mwanafunzi nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini anasema hivyo. Swali la namna hiyo halijibiki kwa uchambuzi peke yake. Na wazazi, mnaponipa Sh1,000 ya karatasi kumi za muhtasari, changeni watoto watano mnunue nakala moja ya kitabu. Kitabu kizima mimi sikitoi kopi, na naomba msiniombe, maana mwandishi naye ana haki yake kisheria na ana watoto kama sisi. Lakini mkinunua, nitakibaindi bure kisichanike.

Mwaka huu nimeongeza benchi la pili. Rafu ya juu kulia ina vitabu tisa, vyote vyangu, vinasomwa palepale dukani bila malipo, Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Uchambuzi bado nautoa kopi, kwa kuwa watoto wanauomba na sina mamlaka ya kuwazuia. Ila ile karatasi mama ya Things Fall Apart sikuitupa wala sikuirekebisha. Pale chini ya ukurasa wa nane, ambapo wino ulipotea, nimeandika kwa kalamu nyeusi ili ionekane kwenye kila kopi: "Mwisho uko sura ya 25. Njoo usome, kitabu kipo."

Mama wa Steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya